Kanisa, Ushirika, Jumuiya: Madhumuni ya Vikundi Vidogo vya Nyumbani katika Historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki

1. UTANGULIZI

Katika vijiji na mitaa mingi ya Kenya na Tanzania, siku moja katika juma, watu kumi au ishirini hukusanyika katika nyumba ya mmoja wao ili kusali. Viti huazimwa kwa jirani, watoto huketi mkekani, na mtu mmoja husoma sehemu fupi ya Maandiko. Baada ya kusoma, yeyote apendaye husema alivyoelewa na jinsi maneno yale yanavyomgusa katika maisha yake. Kisha hutajwa mgonjwa wa kutazamwa, mfiwa wa kufarijiwa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Sadaka ndogo hutolewa, nyumba ya juma lijalo huchaguliwa, na watu huagana. Wakatoliki huuita mkutano wa namna hii jumuiya. Waanglikana, Wapresbiteri na wengineo waliolelewa katika mapokeo ya Uamsho huuita ushirika.

Jambo hili limezoeleka mno hata ni nadra kuulizwa sababu yake. Wanahistoria wa dini wameandika mengi juu ya vituo vya misheni, shule, hospitali na makanisa ya kujitegemea. Wanaisimu nao wamezichunguza tafsiri za Biblia kwa bidii. Kikundi cha nyumbani, ambacho hakina jengo wala hati nyingi za kuhifadhiwa, kimepata nafasi ndogo katika maandishi yao. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: kikundi hiki kiliundwa kutenda kazi gani ambayo kanisa kubwa halikuweza kuitenda? Tutajaribu kulijibu kwa kuifuata historia yake, na pia kwa kuyachungua maneno matatu, yaani kanisa, ushirika na jumuiya. Kwani jina ambalo watu hukipa chombo chao ni ushahidi wa kile wanachokitazamia kutoka kwake.

Hoja yetu ni kwamba madhumuni ya msingi ya kikundi cha nyumbani ni kumpa kila muumini kinywa na sikio: nafasi ya kusema mbele ya wenzake wanaomjua kwa jina, na wajibu wa kuwasikiliza wao. Kufundisha, kusaidiana, kukusanya fedha na kusimamia nidhamu ni kazi za haki, lakini zote huitegemea hiyo ya kwanza. Tutaonyesha kwamba mara kwa mara katika historia kazi ya kusema imepokonywa nafasi na kazi ya kuhesabu, na kwamba kila ilipotokea hivyo kikundi kilibaki na umbo lake tu.

2. KANISA NA NYUMBA

Neno kanisa liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambamo hutaja hasa mahali pa ibada pa Wakristo. Watafsiri wa Agano Jipya walilitumia kulifasiri neno la Kiyunani ekklesia, ambalo maana yake ni mkutano wa watu walioitwa pamoja. Kwa hiyo neno letu limebeba mizigo miwili. Tunaweza kusema kwamba kanisa limeungua, tukimaanisha kuta na paa. Tunaweza pia kusema kwamba kanisa limehuzunika, tukimaanisha watu. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku jengo ndilo litanguliaye. Mwulize mtu kanisa lake liko wapi, naye atakuonyesha paa la mabati ng'ambo ya bonde.

Matumizi ya Wakristo wa kwanza yalikuwa kinyume cha hayo. Paulo, katika nyaraka zake, anawasalimu Priska na Akila pamoja na mkutano uliokuwa nyumbani kwao. Anamtaja vivyo hivyo Nimfa, na pia Filemoni. Kwa muda wa karne tatu za mwanzo waumini walikutana zaidi nyumbani. Huko Dura-Europos, mji wa kale ulio kando ya mto Frati nchini Syria, wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua katika miaka ya 1930 nyumba ya kawaida iliyokuwa imegeuzwa kuwa mahali pa ibada karibu na katikati ya karne ya 3, nayo ilikuwa na chumba cha kubatizia. Baada ya Konstantino na Licinius kukubaliana huko Milano mwaka wa 313 kwamba Wakristo wawe huru, majengo makubwa yalianza kuenea, na ibada ya nyumbani ikapungua uzito.

Yatupasa tujihadhari tusiipambe enzi hiyo ya nyumba kupita kiasi. Nyumba iliyoweza kupokea watu thelathini ilikuwa ya mtu mwenye uwezo, na mwenye nyumba hakukosa kuwa na sauti kubwa kuliko mtumwa aliyesimama mlangoni. Lakini jambo moja ni wazi. Katika chumba, watu huonana nyuso. Katika jengo kubwa, wote hutazama upande mmoja. Mabadiliko hayo ya mahali yalikuwa pia mabadiliko ya usemi: wasikilizaji waliongezeka, wasemaji wakapungua.

3. PENI MOJA YA BRISTOL

Kabla ya kuja Afrika Mashariki yafaa tupite Ulaya, kwa kuwa mapokeo mawili ya huko yaliwaathiri wamisionari waliofika kwetu. La kwanza ni lile la Philipp Jakob Spener, mchungaji Mlutheri wa Frankfurt, ambaye mwaka wa 1670 alianza kuwakusanya watu nyumbani kwake ili wasome na kuzungumza juu ya maisha ya Kikristo. La pili ni lile la John Wesley, nalo lina mafunzo zaidi kwa hoja yetu.

Tarehe 15 Februari, 1742, wafuasi wa Wesley mjini Bristol walikutana kutafuta njia ya kulipa deni la jengo lao. Kapteni mmoja aliyeitwa Foy alishauri kwamba kila mwanachama atoe peni moja kwa juma. Ilipoelezwa kwamba wengine ni maskini wasioweza hata hiyo, alijitolea kuwachukua maskini kumi na mmoja, awazuru kila juma, na kuwalipia yeye mwenyewe wale watakaoshindwa. Wengine wakafuata mfano wake, na chama chote kikagawanywa katika makundi ya watu kumi na wawili hivi. Basi, chanzo chake kilikuwa fedha.

Lakini wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba waliyaona mambo ambayo hawakutumwa kuyatafuta: mume mlevi, ugomvi wa majirani, mtu aliyekata tamaa. Wakampasha Wesley habari, naye akatambua mara moja kwamba amepata chombo cha uchungaji alichokuwa akikikosa. Baadaye, badala ya kiongozi kuzunguka, wanakundi walianza kukutana pamoja kila juma, kila mmoja akieleza hali ya roho yake. Hapo kundi la deni likawa kundi la mazungumzo.

Kisa hiki kina mbegu zote mbili tutakazoziona tena na tena. Daftari la michango lilifungua mlango wa mazungumzo. Lakini daftari halikutoweka. Wamethodisti walitoa vyeti vya uanachama kila robo mwaka, na asiyekuwa na cheti aliweza kuzuiwa mlangoni. Wamethodisti hao ndio ambao mwaka wa 1862 walifungua misheni ya Ribe, katika nchi ya Wamijikenda, si mbali na Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikuwa wamejenga kituo chao tangu mwaka wa 1846. Kwa njia hiyo kundi dogo lenye kiongozi wake liliwahi kujulikana pwani yetu kabla ya wimbi kuu la Uamsho kutoka bara.

4. USHIRIKA: KUTOKA GAHINI HADI KABETE

Mnamo Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa wamechoshwa na ubaridi wa Kanisa lao la Kianglikana. Walisoma Maandiko pamoja na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu wakiwa sawa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika siku zile. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, na akahubiri huko hadi alipofariki Januari 1936. Yosiya Kinuka, aliyekuwa mtumishi wa hospitali ya Gahini, alikuwa nguzo nyingine ya kazi hiyo. Katika miaka hiyo ya 1930 Uamsho ulienea Rwanda, Burundi, Uganda na kaskazini-magharibi ya Tanganyika. Na mwaka wa 1937 kundi la wahubiri lilifika Kabete, karibu na Nairobi.

Waganda waliwaita watu hao abalokole, yaani waliookoka. Kiswahili kililichukua neno hilo kikalifanya mlokole, walokole, kikalipa mahali pake katika ngeli ya watu bila taabu. Kwa Kikikuyu waliitwa ahonoki. Wao wenyewe walipendelea kuitana ndugu, na mkutano wao wa nyumbani wakauita ushirika.

Neno hili lastahili kuchunguzwa. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushiriki au kuchangia kitu kimoja. Mzizi huo huo umetupa shirika, yaani chama cha biashara au cha huduma, na mshirika, mwenzi katika jambo. Kwa Mwislamu wa pwani umetoa pia neno shirki, ambalo ni dhambi kuu ya kumshirikisha Mungu na kiumbe. Wakristo, wakiutumia mzizi ule ule, wameita ibada ya mkate na divai Ushirika Mtakatifu. Walutheri wa Tanzania huita mtaa wao wa kikanisa usharika. Na wakulima wa kahawa wamekuwa na vyama vyao vya ushirika tangu enzi za ukoloni. Katika matumizi haya yote wazo moja linadumu: mshirika ana fungu lake katika kitu kilicho cha wengi. Ndugu wa Uamsho walipochagua neno hili walikuwa wakidai kwamba wokovu nao ni mali ya pamoja, na kwamba kila mmoja ana fungu la kulitolea hesabu.

Hesabu hiyo ilitolewa kwa kinywa. Katika ushirika mtu aliungama makosa yake hadharani: wizi, uzinzi, chuki kwa jirani, na hata dharau ya Mzungu kwa Mwafrika. Ndugu waliita tendo hilo kutembea nuruni. Cheo hakikumkinga mtu. Mchungaji aliketi pamoja na wengine, na mwanamke asiyejua kusoma aliweza kumwambia mwalimu mbele ya watu kwamba maneno yake hayalingani na mwenendo wake. Hapana shaka jambo hili liliwatia hofu wakubwa. Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha kitheolojia cha Mukono, Uganda, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi. Twaweza kusema kwamba ugomvi ulihusu ratiba ya chuo. Lakini chini yake lilikuwapo swali la nani ana ruhusa ya kusema.

Thamani ya usemi huo ilipimwa kwa uchungu katika nchi ya Wakikuyu baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Kiapo cha Mau Mau kilikuwa tamko la siri la kuwaunganisha watu waliodai ardhi na uhuru wao. Ushuhuda wa ndugu ulikuwa tamko la hadharani. Mtu aliyekwisha kutamka mbele ya majirani wote kwamba ameunganishwa na damu ya Kristo aliona hawezi kula kiapo kingine, na wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Baadhi yao walikataa pia kushika silaha upande wa serikali, wakashukiwa na pande zote mbili. Msomaji anaweza kuwahukumu apendavyo kwa msimamo wao wa kisiasa. Kwa hoja yetu yatosha kutambua kwamba kikundi cha nyumbani kilikuwa kimewafanya watu wadogo wa kijijini wawe na neno ambalo hawakuweza kulirudisha kinywani. Vivyo hivyo Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, alikuwa mtu aliyelelewa katika ushirika wa ndugu.

Hata hivyo ushirika ulikuwa na ukuta wake. Ulijengwa juu ya tukio moja la kuokoka, na asiyekuwa na tarehe ya tukio hilo alibaki nje, hata akiwa jirani mwema. Ndani yake pia palizuka mashindano ya ukali. Huko Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliojiita walioamka upya walitengana na wenzao kwa kuwaona wamelegea. Leo neno mlokole linaweza kutumiwa kwa heshima au kwa kejeli, kutegemea msemaji. Na kejeli hiyo ni kumbukumbu ya ukuta huo.

5. USHUHUDA KAMA UTANZU WA FASIHI SIMULIZI

Kabla ya kuendelea na jumuiya tungependa kuwakumbusha wasomi wa fasihi jambo ambalo aghalabu hupuuzwa. Ushirika ulizaa utanzu wa masimulizi, nao ni ushuhuda. Neno lenyewe ni la mahakamani na la imani: shahidi ni aliyeona kwa macho yake. Ushuhuda una muundo unaotambulika mara moja. Msemaji huanza kwa salamu ya Bwana asifiwe, nao wasikilizaji humwitikia. Hutaja jina lake na mahali atokako. Husimulia maisha yake ya kwanza, kisha siku alipoguswa, kisha vita vyake vya sasa. Humaliza kwa kuomba wenzake wamwombee. Wasikilizaji hukatiza kwa wimbo, hasa ule wa Kiganda uitwao Tukutendereza Yesu, ambao umeimbwa na watu wa makabila mengi wasiojua neno jingine lolote la Kiganda.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, utanzu huu una sheria yake ya ukweli: msimulizi husimulia mbele ya mke, mume, jirani na mdeni wake, watu wawezao kumsahihisha. Mtambaji wa ngano hana mzigo huo. Pili, ulikuwa shule ya usemi wa hadhara. Katika mikutano iliyokusanya watu wa nchi mbalimbali, ushuhuda ulitafsiriwa papo hapo, sentensi kwa sentensi, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kukutania. Wanawake wengi ambao desturi haikuwapa nafasi ya kusimama barazani walijifunza hapo kupanga maneno, kutua, na kuinua sauti.

6. JUMUIYA: KUTOKA UAMUZI HADI MTAA

Upande wa Kanisa Katoliki historia ilichukua njia nyingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965, uliruhusu lugha za watu zitumike katika ibada ambayo hapo awali ilikuwa kwa Kilatini. Mtaguso huo ulisisitiza pia kwamba Kanisa ni watu wa Mungu. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1961, maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuchagua njia ya jumuiya hai za waumini. Huko Amerika ya Kusini jumuiya za msingi ziliungwa mkono na mkutano wa maaskofu uliofanyika Medellín mwaka wa 1968. Si sahihi, basi, kusema kwamba Afrika iliiga tu. Njia zilikuwa zikifunguliwa karibu wakati mmoja.

Mnamo Desemba 1973 maaskofu wa AMECEA, chama kilichoundwa mwaka wa 1961 kuyaunganisha mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kutazama mbele kuelekea miaka ya 1980. Waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ambamo watu huishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka wa 1976, katika mkutano mwingine wa Nairobi, walilifanya jambo hilo kuwa la kwanza katika mipango yao ya kichungaji, na mwaka wa 1979 wakalipima tena huko Zomba, Malawi. Sababu za uamuzi huo zilikuwa dhahiri. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na mkristo wa kigangoni aliweza kukaa muda mrefu bila kumwona padre. Lakini ipo sababu ya ndani zaidi: wengi walibatizwa pasipo kujuana.

Jina lililochaguliwa lilikuwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya hutoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya, mzizi uliotupa pia jamaa, jamii, Ijumaa, na hatimaye ujamaa. Mwana Afrika Mashariki wa mwaka wa 1973 hakuweza kulisikia neno hili bila mwangwi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1967, ilikuwa bado hai, ingawa ingevunjika mwaka wa 1977 na kufufuliwa kwa mkataba wa 1999. Azimio la Arusha la mwaka huo huo wa 1967 lilikuwa limelifanya neno ujamaa kuwa wito wa taifa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyeongoza jimbo hilo tangu 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akiamini kwamba kuishi pamoja ni mfano wa Utatu wa Mungu mwenyewe. Kwake, jumuiya na ujamaa hayakuwa maneno mawili yaliyofanana kwa bahati.

Urudufishaji ndogo ndogo nao una maana yake. Katika Kiswahili, kivumishi kikirudiwa namna hii huashiria vitu vingi vilivyotawanyika, kila kimoja kikiwa na udogo wake, kama tusemapo samaki wadogo wadogo. Jina halisemi kwamba jumuiya ni duni. Lasema kwamba ziko nyingi, kila mahali, na kwamba udogo ndio kipimo chake kinachofaa.

Tofauti ya jumuiya na ushirika iko hapa. Ushirika uliwakusanya watu waliopatwa na jambo moja; jumuiya iliwakusanya watu wakaao mahali pamoja. Mwalimu, mwuza mboga, askari, mjane na mlevi aliyebatizwa utotoni wote ni wa jumuiya kwa sababu nyumba zao zimepakana. Ukuta wa kuokoka haupo. Njia ya kusali pia ilifunguliwa kwa wote. Hatua saba za kushirikishana Injili, zilizotungwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, zilimtaka kila mtu arudie kwa sauti neno au fungu lililomgusa, anyamaze, kisha aseme. Hata asiyejua kusoma aliweza kulirudia neno alilolisikia. Na huko Kenya, vijitabu vya kampeni ya Kwaresima vinavyotolewa na maaskofu vimezipa jumuiya, juma kwa juma, mada za rushwa, ardhi, uchaguzi na amani, mada ambazo mahubiri ya Jumapili huzigusa na kupita.

7. MSAMIATI WA OFISI

Tukizisikiliza jumuiya nyingi za leo, hata hivyo, tunasikia msamiati mwingine pamoja na ule wa sala. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna ajenda, kumbukumbu za mkutano uliopita, daftari la mahudhurio na zaka. Maneno hayo hayakutoka katika Maandiko. Yametoka katika chama cha siasa, chama cha ushirika na ofisi ya serikali. Tanzania, tangu miaka ya 1960, chama cha TANU kilikuwa kimewapanga wananchi katika mashina ya nyumba kumi kumi, na umbo hilo lilijulikana kwa kila mtu jumuiya zilipoanza. Haishangazi kwamba watu waliazima lugha waliyokuwa nayo.

Kuazima si kosa. Kikundi kisicho na katibu husahau, na fedha zisizo na mweka hazina hupotea. Tatizo huzuka pale ambapo lugha ya kuhesabu inameza lugha ya kusemezana. Katika parokia nyingi mzazi atakaye mtoto wake abatizwe, au wachumba watakao kufunga ndoa, huhitaji barua au uthibitisho wa jumuiya. Hata mazishi yanaweza kuguswa na swali la mahudhurio ya marehemu. Kanuni hiyo ina busara yake, kwani sakramenti haifai kutolewa kwa mtu asiyejulikana na yeyote. Lakini matokeo yake ni kwamba wengine huja miezi michache kabla ya harusi, hutiwa alama katika daftari, hupata barua, kisha hawaonekani tena. Jumuiya imekuwa kizuizi cha barabarani, na wapitao huonyesha karatasi zao.

Peni ya Bristol imerudi, ila imegeuza mwelekeo. Kule, daftari lilizaa mazungumzo. Hapa, mazungumzo yamezaa daftari. Si ajabu kwamba malalamiko yanayosikika ni yale yale karibu kila mahali: wanaume ni wachache, vijana ni wachache zaidi, na wanawake ndio wanaobeba kazi. Asiyekuwa na mchango wa fedha huona haya kufika, na kwa hiyo yule mwenye haja kubwa ya kusikilizwa ndiye hukosekana.

8. MTIHANI WA MWAKA 1994

Uko mtihani mzito kuliko huo, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuukwepa. Tarehe 10 Aprili, 1994, sinodi ya maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa mjini Roma. Wazo lake kuu lilikuwa Kanisa kama familia ya Mungu, na waraka uliotokana nayo, uliotiwa saini Yaoundé mwaka wa 1995, ulizipa jumuiya hai heshima ya pekee. Siku tatu kabla ya ufunguzi huo mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda. Nchi ambamo Gahini iko, chimbuko la Uamsho, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakristo, iliona majirani wakiwaua majirani. Waliokimbilia katika majengo ya kanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo.

Wapo waliowaficha jirani zao kwa kuhatarisha maisha, na wengine walikufa pamoja nao. Haki inatutaka tuwakumbuke. Lakini ukaribu wa nyumba haukutosha. Wala salamu ya ndugu haikutosha. Swali ambalo mwaka huo umeuachia ushirika na jumuiya ni hili: je, watu wanaokutana kila juma wameruhusiana kulisema lile hasa linalowatenganisha? Yawezekana kikundi kikaungama ulevi na masengenyo kwa miaka mingi, na suala la kabila, ardhi au kura likakaa mkekani kati yao bila kuguswa. Sisi wa Kenya, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, hatuna haki ya kulielekeza swali hilo kwa Wanyarwanda peke yao. Kinywa kilichofundishwa kusema mambo madogo tu hakijapewa bado kazi yake.

9. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba kikundi kidogo cha nyumbani kimezaliwa mara nyingi na kwa sababu mbalimbali: kwa kukosa majengo, kwa deni, kwa kiu ya toba, kwa uchache wa mapadre. Katika kila mara hizo kilipata uhai pale mtu wa kawaida alipoanza kusema na kusikilizwa, na kilipoteza uhai huo pale kilipogeuzwa kuwa mkono mrefu wa ofisi. Neno kanisa lilitukumbusha kwamba ukuta ni mwepesi wa kuchukua mahali pa watu. Neno ushirika lilidai kwamba kila mmoja ana fungu la kulitolea hesabu, lakini likachora mpaka. Neno jumuiya liliufuta mpaka huo, lakini likafungua mlango kwa daftari. Hakuna jina lililojitosheleza.

Kwa wasomi wa lugha kazi iliyobaki ni kubwa. Ndugu wa kwanza wa Uamsho wametutoka, na waliozianzisha jumuiya katika miaka ya 1970 sasa ni wazee. Shuhuda zao, nyimbo zao, namna zao za kukosoana bila kuvunjiana heshima, na Kiswahili cha mkalimani aliyesimama kati ya Mganda na Mkikuyu, vyote hivyo vitapotea visiporekodiwa na kuchambuliwa. Idara zetu zimetuma wanafunzi kukusanya ngano na methali. Ziwatume pia katika vyumba hivi vya jioni, kwa ruhusa ya wenyewe na kwa adabu ya mgeni, kwani yasemwayo humo mengine si ya kuchapwa.

Nao wachungaji na maaskofu, kama wataka kujua jumuiya zao zina afya gani, wasianze na daftari la mahudhurio. Waulize ni nani aliyesema juma lililopita, na kama yuko mtu ambaye hajapata kusema kamwe.